Marufuku Kuinama

Mtwara, watu wazima wawili wakikutana njiani huulizana bei ya korosho. Kama msimu bado, huulizana mvua. Kama mvua nayo bado, ipo gesi ya Mnazi Bay ya kuilalamikia, maana hiyo haina msimu. Mimi siku hizi siulizwi hata moja kati ya hayo. Natoka zangu Magomeni naelekea sokoni na kikapu, kijana ananiona kwa mbali, anashuka kwenye baiskeli, ananipokea kikapu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Vipi, mbwa hajambo?"

Mwaka jana nililala na malaria, sikumwona mtu aliyeshuka kwenye baiskeli.

Nimekuwa karani wa ghala la korosho tangu nina nywele zote. Nimepima magunia ya watu, nimebishana na wakulima juu ya daraja la kwanza na daraja la pili, na msimu wa 2007/2008 nilikuwapo mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu, nikazisikia lawama zake zote kwa masikio yangu mwenyewe. Nilidhani nikistaafu nitaitwa mzee wa ghalani. Naitwa mzee wa mbwa.

Tena mbwa mwenyewe si wangu. Ni wa binti yangu. Alikuja likizo, akaniita nje: "Baba, chini ya mwembe kuna mbwa anakufa." Likizo ikaisha, akarudi chuoni Dodoma, akaniachia mbwa pamoja na maelekezo kwa simu. Zamani akipiga alikuwa anaomba hela moja kwa moja. Sasa anaanza na "Bahati amekula?", halafu ndiyo anaomba hela. Bahati ndilo jina alilompa. Bahati ya nani, hajasema.

Mji unamjua mbwa huyu. Alikuwa akishinda Feri, pale wanaposhuka watu wa Msanga Mkuu, akiishi kwa matumbo ya samaki na huruma ya mawimbi. Siku moja, kwa maneno ya mashahidi ambao kila mmoja anaapa hakuwapo, aliacha matumbo akachukua changu mzima. Mwenye changu alikuwa na sufuria la maji yanayochemka. Hadi leo mgongoni pana kipara ambacho manyoya yamekataa kurudi. Hilo moja. La pili ni waya. Shingoni alikuwa na waya mwembamba wa kufungia nondo, ule ambao mafundi hununua kwa kilo. Mtu alimfunga nao angali mdogo, pengine asitoroke, akatoroka nao. Mbwa akakua, waya haukukua. Nyama ilikuwa imeufunika pande mbili na inzi walikuwa wameshapata habari.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, boksi la barafu nyuma, gambuti miguuni. Akamchoma mbwa sindano ya usingizi, tukakaa kusubiri tukizungumza bei ya korosho, nikafurahi kidogo. Mbwa alipolegea, akaniambia nimshike kichwa kwa gunia. Mimi ni mtu wa magunia, nikashika. Yeye akaingiza ncha ya koleo chini ya waya, polepole, akitafuta mahali pasipo na nyama, akabana. Waya ukakatika. Akaanza kuuvuta kwa ncha moja, ukatoka na usaha na nywele, sentimita kwa sentimita, na kila ukitoka kidogo anasimama, anapangusa kwa pamba, anavuta tena. Ulipobaki kama urefu wa kidole, dawa ya usingizi ikaona zamu yake imekwisha. Mbwa akafumbua macho, akaona mkono wangu, akauma.

Bwana mifugo hakunipa pole. Alisema neno moja: "Sabuni."

Nawaambia kanuni hii msije mkaisikia kwa mara ya kwanza huku mnatoka damu. Ni dakika 15 za kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa saa, si kwa kukadiria, kisha hospitali siku hiyohiyo. Bomba letu siku ile lilikuwa linatoa upepo. Mke wangu akasimama na kata, akawa ananimiminia maji ya madumu, na kila dumu likiisha anataja bei yake. Dakika 15 si mchezo. Katika dakika 15 mtu anaweza kuelezwa makosa ya ndoa nzima, na nilielezwa.

Kichaa cha mbwa hakina utani. Kirusi chake hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kichwani, na dalili zikishaonekana tiba hakuna, watu wanaitwa kuja kukuaga. Lakini kwa kuwa kinapanda polepole, sindano ikiwahi inakitangulia. Hilo limejulikana tangu Julai 1885, mtoto Joseph Meister alipochomwa sindano 13 za chanjo ya Louis Pasteur mjini Paris, na mtoto akasalimika. Sisi wa umri wangu tulikua tukitishwa kwamba sindano za mbwa hupigwa tumboni, tena nyingi, basi nilikwenda nimelishika tumbo. Nesi akacheka. "Baba, siku hizi ni mkononi. Ila utarudi kwa tarehe nitakazokuandikia, usiruke hata moja." Bei sitaitaja. Mke wangu huwa anasoma safu hii.

Mbwa naye huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Sababu yake ni kwamba mbwa ambaye mate yake yameshaanza kuambukiza hawezi kuzimaliza siku hizo bila kuugua na kufa. Akizipita mzima, aliyeumwa anapumua. Nilimweka kwenye banda la kuku, lililobaki tupu tangu kideri kilipopita mtaani kwetu, na kila alfajiri nikitoka kuswali nachungulia kuona kama yu hai. Yeye ananichungulia mimi kwa jicho lilelile. Hatukuwa tunapendana. Tulikuwa tunakaguana.

Shingo ikapona, vidole vyangu vikapona, nikasema basi, sasa tutaishi. Hapo ndipo tabu ilipoanza.

Ukitaka kumfukuza mbwa katika nchi hii huhitaji jiwe. Inama tu. Inama, gusa chini, hata kama hapana kitu, na mbwa yeyote kutoka Mtwara mpaka Bukoba atakuwa ameshakata kona. Kila mtoto anaijua mbinu hiyo, na kila mbwa anaijua zaidi. Lakini Bahati ameisoma mpaka chuo kikuu. Kwake yeye hakuna kuinama kwa heri. Niliangusha funguo mlangoni, nikainama kuziokota, nikasikia kishindo kidogo cha makuti. Mbwa alikuwa ameshapita chini ya ua na yuko kwa jirani. Jirani akanipigia simu, na hakuwa anapiga kunisalimu.

Sikuwahi kufikiria ni mambo mangapi ya nyumbani yanafanywa kwa kuinama. Mke wangu akishika ufagio wa chelewa kufagia uwanja, ameinama. Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, ameinama. Kupuliza mkaa, kuchambua mchele, kuosha vyombo, kufua, kuokota embe lililodondoka, vyote ni kuinama. Mgeni akibisha hodi, anainama kuvua viatu. Mjukuu akija kuamkia, anapiga goti. Pwani nzima tunaishi tumeinama, na yote hayo mbwa huyu anayasoma kwa maana moja: jiwe.

Vitu vingine navyo vina historia yake. Ndala ikivuliwa, ule mlio wa mpira ukiachana na kisigino, anajua inayofuata ni ya kurushwa. Kifuniko cha sufuria kikigonga sakafu, anajua ni maji. Gambuti hataki kabisa kuziona, na hapo namwelewa. Mwavuli, mpini wa jembe, mtu anayejikuna kichwa kwa kuinua mkono haraka: kwa ua. Yaani ukikaa naye mwezi mmoja unaweza kuandika orodha ya kila kitu ambacho watu wa mji huu wamewahi kumpigia mbwa.

Nikawaendea vijana wa kijiweni, ambao watoto wao na wadogo zao ndio mabingwa wa mawe. Nikawaambia kwa upole kwamba Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Wakanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Mmoja akauliza, "Mzee, yaani mbwa ana sheria yake? Sisi wa bodaboda ya kwetu ni ipi?" Wakacheka wakaangukiana. Mmoja kwa kucheka akaangusha simu yake, akainama kuiokota. Bahati, aliyekuwa amenifuata kwa mbali, hakuonekana tena mpaka magharibi.

Akaja maalim wa madrasa. Nilijua kinachomleta kabla hajakaa. Alikunywa chai, akauliza afya, akauliza korosho, mtu wa watu yule, kisha akasafisha koo. "Mzee mwenzangu, wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini."

"Maalim," nikamwambia, "ondoa shaka. Huyu hawezi kuingia msikitini. Mle watu wanainama safu nzima kwa pamoja."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Na kwa kuwa ni mtu mwenye elimu yake, hakuniacha na maneno matupu. Akanikumbusha kwamba vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, amelala kizingitini, na ametajwa humo. Akanikumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha akakunja uso akanirudisha kwenye madhehebu yetu ya Shafi: mbwa akae nje, awe na chombo chake, na akilamba cha watu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Mara saba! Kwa maji yale ya madumu! Siku hiyohiyo bakuli la mbwa likapigwa alama ya rangi nyekundu na likapewa mpaka wake, karibu na mwembe. Namsifu Bahati katika hili, mpaka huo anauheshimu kuliko wanavyoheshimu jirani zangu mpaka wa kiwanja.

Aliyeniponza zaidi ni mwalimu wa baiolojia, nyumba ya tatu. Huyu kila ugonjwa wa mtaani ana mzungu wake. Alikuja jioni akanieleza habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, ambaye mbwa wake walifika mahali wanadondokwa na mate kwa kusikia ishara tu, chakula kingali jikoni. "Sasa mzee," akasema, "huyu wako amefundishwa kwamba mtu akiinama, maumivu yanakuja. Wewe mfundishe kwamba mtu akiinama, chakula kinakuja."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Uiname."

Nikaanza. Asubuhi naweka dagaa mchele mfukoni, natoka uwanjani, nainama, naacha dagaa mmoja chini, naondoka bila kumwangalia. Mara ya kwanza nilifanya kosa la kumrushia. Mkono ulivyopanda tu, mbwa akawa kwa jirani. Mwalimu akaniambia usirushe, usimwite, usimtazame machoni, weka, mpe mgongo, nenda. Basi fikiria mtu wa makamo yangu, kanzu imekunjwa, anatembea uwanjani kwake anainama kila baada ya hatua chache, anaacha kitu kidogo chini, anaendelea. Jirani mmoja alidhani napanda. Mwingine, ambaye sitamtaja, aliuliza watu msikitini kama nimeendewa kwa mganga. Pavlov alipata Nobel, mimi nilipata kiuno.

Na dagaa wale wana mwenyewe. Kopo likishuka chini ya nusu, mke wangu huliweka mezani mbele yangu bila kusema neno.

Katikati ya mafunzo hayo akaja shemeji yangu wa Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, ameleta mchele mpya. Huko kwao mbwa ana ajira. Analala shambani, nguruwe pori wakikaribia mpunga ndiye wa kwanza kujua, ngedere wakiingia kwenye mahindi anawatoa mbio. Alimwangalia Bahati, Bahati akamwangalia, kisha akapotea, maana shemeji alikuwa anaweka gunia chini.

"Shemeji," akasema, "huyu ana kazi gani hapa mjini?"

"Analinda."

"Analinda nini?"

Ilikuwa aibu, kwa sababu wiki ileile mwizi aliingia usiku akachukua ndoo mbili na kanga za mke wangu zilizokuwa kambani. Mbwa hakubweka. Bila shaka mwizi aliinama kuokota ndoo. Bahati hajawahi kubweka tangu nimjue. Nadhani huko Feri alijifunza kwamba anayebweka ndiye anayeonekana.

"Nipe nimpeleke Kilambo," shemeji akasema. "Akikaa na mbwa wenzake mwezi mmoja atapata akili. Akiona nguruwe atabweka."

"Na akiona kiboko?"

"Kiboko hata mwenye mbwa hambwekei."

Nilikataa. Nilimwambia haiwezekani, nimeshamgharamia: koleo, sindano yake, sindano zangu, madumu ya maji, dagaa. Mali yote hiyo ikahamie Kilambo ikalinde mpunga wa watu? Shemeji akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, akamwambia dada yake, "Huyu mumeo ameshanasa." Watani hawana adabu.

Chanjo ndiyo iliyonipeleka mbio zaidi. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, dunia nzima huifanya Siku ya Kichaa cha Mbwa, na karibu na tarehe hiyo ikatangazwa kwamba wenye mbwa wawalete kuchanjwa. Bwana mifugo akanieleza kwamba ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita, na kwamba kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ya kusini mashariki iliwahi kuwa na kampeni kubwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Akaongeza neno lililonikaa: huku Lindi na Mtwara ugonjwa hauko kwa mbwa peke yao, watafiti wamekuta mbweha nao wana sehemu kubwa. Mbwa wa mjini anaweza asimwone mbweha maisha yake yote. Mbwa wa mwenye shamba la korosho ni habari nyingine.

Wenzangu waliwaleta mbwa wao kwa kamba, kwa mipira ya baiskeli, kwa minyororo. Mimi wangu hafungwi kitu shingoni. Ukimwonyesha kamba tu, anajilaza chini na kukojoa. Ikabidi nimtege kwa dagaa aingie kwenye tenga la nyanya, nikafunika kwa kanga kuukuu, nikasimamisha bajaji.

"Mzee, kwenye tenga kuna nini?"

"Kuku."

Tukaenda vizuri mpaka karibu na Chikongola, kuku akapiga chafya.

Dereva akapunguza mwendo. "Kuku wa wapi huyo?"

"Wa Feri," nikasema, na hapo sikuwa nimedanganya. Nililipa nauli ya watu wawili pamoja na maneno. Lakini Bahati alichomwa, akaandikiwa kadi yake, jina, rangi, tarehe. Kwenye nafasi ya mwenye mbwa waliandika jina langu. Nilitaka kuwaambia waandike la binti yangu, foleni ikanisukuma.

Oktoba ikaingia na korosho zikaanza kudondoka. Wasiotoka huku wajue: korosho haichumwi mtini. Unaiacha iive, ianguke yenyewe na bibo lake, ndipo unapita chini ya mti na ndoo, unaokota, unanyofoa korosho, bibo unaliacha kwa wanaotengeneza uraka. Ni kuinama kuanzia alfajiri mpaka jua likolee, familia nzima, na vibarua. Nyumbani hapakuwa na wa kubaki na mbwa. Nikaenda naye Nanguruwe.

Mtu mwenye akili angeona mbele. Tulifika, tukagawana mistari, watu kumi na kitu wakashika ndoo na wote wakainama kwa mara moja.

Sitasahau sura ile. Bahati aliganda, masikio yamelala, akageuka huku, wameinama, akageuka kule, wameinama, nyuma, wameinama. Kisha akaondoka. Hakukimbia kwa ua maana shamba halina ua, alikimbia moja kwa moja kuelekea kwenye vichaka. Tukaita. Kibarua mmoja mwenye nia njema akapiga mluzi na kuinua mkono. Hilo likamalizia.

Usiku tulilala shamba. Mbweha walilia upande wa bondeni, na vibarua wakaanza zile hadithi zao: mbwa wa fulani aliingia huko akarudi anatokwa na povu. Nikawaambia wangu ana kadi. "Kadi itamzuia mbweha asimle?" Nilikosa jibu nikajifanya nimelala. Binti alipiga simu kuuliza kama Bahati amekula. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Alfajiri nilitoka peke yangu kabla ya wengine, nikaanza mstari wangu. Nikainama chini ya mti wa kwanza, nikaokota. Nikainama tena. Nyuma yangu majani makavu yakalia. Sikugeuka. Nikainama mara nyingine, na safari hii pua ya baridi ikagusa kiganja changu, ikakinusa mbele na nyuma. Alikuwa amejaa takataka za vichakani na sikio moja limechanika kidogo. Alikuwa anadai dagaa. Sikuwa na dagaa, nilikuwa na korosho. Nikampa bibo. Akalitafuna, uchachu ukamkunja uso, akalitema juu ya kiatu changu, akakaa kusubiri kitu cha maana.

Mwalimu wa baiolojia aliposikia alifurahi kupita kiasi. Ana haki, ila kuna jambo hakulifikiria yeye wala Pavlov wake. Mbwa hakujifunza kwamba mtu akiinama, chakula kinakuja. Amejifunza kwamba *mimi* nikiinama, chakula kinakuja. Wengine wote wakiinama, bado ni jiwe.

Mke wangu alilitambua hilo kabla yangu. Aliniangalia siku moja nikiinama mbele ya mbwa na mbwa akinikimbilia kwa furaha, akanyamaza kwa muda, akaingia ndani, akatoka na ufagio wa chelewa, akaniwekea mkononi. Tangu hapo, kwa ajili ya amani ya mnyama, kazi zote za kuinama nyumbani kwangu ni zangu. Nafagia uwanja. Nakuna nazi, miguu imekunjwa kwenye mbuzi, mbwa ameketi pembeni anangoja machicha. Napuliza mkaa. Wanaume wenzangu wakipita asubuhi wananikuta na ufagio, wanakohoa kwa adabu, wanauliza kama mbwa hajambo. Mke wangu amekaa barazani wima kabisa, anakunywa chai, na anasema hajawahi kuona mnyama mwenye faida hivi.

Kwa hiyo wewe unayekusudia kuja kututembelea, karibu sana, nyumba iko palepale Magomeni, ulizia mzee wa mbwa. Viatu vua ukiwa umesimama wima, ukishika ukuta. Mwavuli uache kwa jirani. Ukiangusha kitu usiokote, niite, ndiyo kazi yangu. Una mbwa kwako na hajachanjwa mwaka huu, usinieleze sababu, kamchanje kwanza ndipo uje. Na kama moyo utakutuma kuleta zawadi, leta dagaa, lakini wawe dagaa mchele. Wale wakubwa hawataki, na wakibaki ndio ninaopikiwa mimi.